Mimi Si Shuka, Baba

Kila asubuhi, kabla ya sare ya shule, kabla hata ya chai, Kibanio alikuwa na kazi ya kupekua mifuko ya watu. Nyumbani kwao walikuwa madobi. Nguo zilifika jioni zikiwa zimefungwa mafungu mafungu, na asubuhi zilitakiwa ziwe zimechambuliwa: nyeupe kwa nyeupe, za rangi kwa za rangi, na zile zinazochuja zitengwe peke yake kama mtoto mwenye surua. Kibanio alitia mkono kwenye kila mfuko. Alitoa kalamu, alitoa pipi zilizoyeyuka, na siku moja alitoa meno ya bandia. Baba aliyafunga kwenye kitambaa safi, akayarudisha kwa mwenyewe kwa heshima zote, kama mtu anayepeleka pete ya uchumba.

Jina la Kibanio alipewa na kaka yake. Alikuwa mdogo, mwembamba, na akishika kitu haachii.

Baba yao alikuwa fundi wa madoa. Damu, wino, kutu, mafuta ya gari, vyote alivishinda. "Hakuna doa lisilotoka," alipenda kuwaambia wateja huku akikunja mikono ya shati. "Likiwa bichi, maji. Likikauka, sabuni. Likikaidi, moto." Wateja walicheka, lakini walimwamini, kwa sababu nguo zao zilirudi safi.

Zamani kazi ya kuanika waliifanya wawili. Kaka, mrefu kama mlingoti, alichukua kamba za juu. Kibanio alichukua za chini. Na kazi ilikwenda kwa utani.

"Usisimame karibu na ndoo," Kaka alikuwa akimwambia. "Mtu atakosea akufue."

"Na wewe usisimame hapo," Kibanio alikuwa akijibu. "Watu watakutundikia suruali."

Sasa alianika peke yake. Alipindua ndoo, akapanda juu yake, akanyoosha mikono mpaka mabega yakauma. Hakuna aliyemtania. Nguo mbichi zilipigwapigwa na upepo, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee katika ua.

Kaka hakuwa amekufa. Wala hakuwa amesafiri, ingawa mtaa mzima uliambiwa amekwenda kukaa kwa mjomba. Alikuwa chumba cha nyuma, karibu kabisa na kamba, mlango umefungwa na pazia limeshushwa.

Alikuwa anaacha bangi.

Alianza kuivuta na wenzake nyuma ya uwanja wa mpira, mara moja moja, kwa mzaha. Mzaha ukakua ukawa desturi, desturi ikawa bwana. Mwishowe hakuweza kushika pasi asubuhi kabla hajavuta. Siku moja aliiacha pasi juu ya suti ya bwana harusi mtarajiwa. Moshi ulipojaa chumba na Baba akaja mbio, alimkuta Kaka ameketi pale pale, anautazama moshi na kutabasamu polepole, kama mtu anayetazama watoto wakicheza.

Jioni ile Baba aligomba mpaka sauti ikamkauka. Kaka hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimejaribu kuacha peke yangu, Baba. Siwezi. Nisaidieni."

Ni maneno mazito hayo! Kijana mwenye misuli kusema "siwezi, nisaidieni" kunataka ujasiri kuliko kupigana na watu barabarani. Lakini Baba hakuusikia ujasiri. Alisikia aibu tu.

"Mimi nasafisha nguo za mtaa mzima," alisema. "Watu wasikie nina mwana mchafu ndani ya nyumba yangu?"

"Baba watoto," Mama alisema taratibu, "tungemuuliza hata muuguzi."

"Ukimwambia muuguzi mmoja, umewaambia majirani wote. Atakaa ndani mpaka imtoke. Na mtu yeyote akiuliza, amesafiri."

Tangu siku ile geti likafungwa. Wateja walipokelewa nje. Aibu ni mnyama wa ajabu: ukimfuga ndani, anaanza kula wenye nyumba mmoja mmoja. Na wa kwanza kuliwa alikuwa Kibanio.

Alikuwa na rafiki mmoja wa chanda na pete, msichana waliyemwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake yasiyokwisha. Kila wakitoka shule, Chiriku alikuja kwao, wakafanya hesabu juu ya meza ya kupigia pasi. Mchana mmoja akaja kama kawaida, akagonga geti.

"Hodi! Kibanio, fungua, jua linaniunguza!"

Kibanio alifungua kidogo tu, akatoa uso. "Leo huwezi kuingia."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi niingie nikione hicho kisichokuwepo."

Kabla Kibanio hajajibu, kikombe kilipasuka chumba cha nyuma, na sauti nzito ikatukana.

"Nani huyo?" Chiriku aliuliza.

"Paka."

"Paka wenu anatukana?"

Kibanio alihisi masikio yake yanawaka. Aliogopa rafiki yake asije akaendelea kuuliza, naye asije akaendelea kujibu. Basi akafanya jambo baya ambalo waoga hulifanya: alikuwa mkali. "Nenda kwenu! Kila siku uko hapa, huna kwenu? Usije tena!"

Chiriku alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Kibanio kumwona amekosa neno. Kesho yake shuleni alihamia dawati la mbele, na Kibanio akabaki na benchi refu peke yake.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Kaka alikuwa amebadilika. Uji aliusukuma mbali. Mikono ilimtetemeka. Usingizi ulimkimbia, na alipoupata kidogo uliambatana na ndoto zilizomwamsha akipiga kelele. Kila asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho kiasi cha kukamulika. Kibanio alilifua kabla hakujapambazuka vizuri, akalianika kamba za katikati, kati ya mashuka ya wateja, ili jirani asilione.

"Toka!" Kaka alimfokea siku moja alipomletea maji. "Unanitazama nini? Mimi sinema?"

Kibanio alitoka mbio. Alipofika mlangoni akasikia sauti nyingine, ndogo, iliyopasuka. "Mdogo wangu. Rudi. Nisamehe." Kaka alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Hasira inakuja yenyewe. Sijui hata inatoka wapi. Naota navuta, naamka mdomo una ladha yake. Halafu nasikia watu wanapita nje wanacheka, nafikiri hakuna hata mmoja anayejua kama nipo."

Kibanio alitaka kumwambia, "Hata mimi." Lakini alikuwa ameagizwa asikae mle ndani. Aliweka kikombe chini, akafunga mlango.

Jirani yao alikuwa muuza mkaa, mama mnene mwenye kicheko kikubwa na vidole vyeusi daima. Watoto walimwita Mama Masizi naye akakubali. Alikuwa anapenda kuegemea ukuta mfupi uliotenganisha nyua zao.

"Hujambo, Kibanio? Kaka yako anasemaje huko kwa mjomba?"

"Hajambo, Mama. Anawasalimu."

"Amesafiri na miguu yake au ameiacha? Maana naona viatu vyake vyote viko pale kibarazani."

"Alivaa... alivaa vingine."

Mama Masizi alimtazama kwa muda. Hakucheka. "Sawa, mwanangu," alisema. "Mimi niko hapa tu. Mkaa haunipeleki mbali."

Siku zilivyopita bila Kaka kupata nafuu, Baba alianza kukosa subira. Yeye aliyezoea kuona doa linafifia mbele ya macho yake, hakuelewa hili linalokataa kutoka. Akaanza kulifikiria kama dobi. Maji, Kaka alikuwa anakunywa. Sabuni, alikuwa anaoga asubuhi na jioni. Kilichobaki kilikuwa moto.

"Moshi uliingia mwilini, lazima utoke kwa jasho," alisema. "Atakaa chumba cha pasi. Tutamfunika blanketi, tutafunga mlango na dirisha, pasi zote ziwe na moto."

Zile zilikuwa pasi za mkaa, nzito, zenye tumbo la makaa mekundu. Mara ya kwanza Kaka alitoka mle amelegea, anashika kichwa. "Kinaniuma kama kinapasuliwa, Baba. Na kichefuchefu."

"Ndiyo inatoka hiyo," Baba alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Tusimwone Baba kama mtu katili. Alimpenda mwanawe. Lakini mapenzi yasiyouliza ni kama pasi mikononi mwa kipofu.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa amekwenda kupeleka nguo nyumba za wageni. Baba alimwingiza Kaka chumba cha pasi, akajaza makaa, akafunga dirisha na kusukuma komeo la mlango kwa nje. Kisha akachukua mfuko wa kwenda kununulia sabuni.

"Kaa hapa," alimwambia Kibanio. "Mlango huu usiuguse mpaka nirudi. Akigonga, usimsikilize. Si yeye anayegonga, ni bangi."

Kibanio aliketi juu ya ndoo, mbele ya mlango. Ua ulikuwa kimya. Nje ya geti watoto walikuwa wanaruka kamba, na alizitambua sauti zao zote, hata ya Chiriku.

Kaka aligonga. "Kibanio. Nifungulie kidogo."

Hakujibu. Alijishika magoti.

"Kibanio, kichwa kinazunguka."

Akagonga tena, kwa uzito zaidi. Halafu kwa udhaifu. Halafu akaacha.

Kule kuacha ndiko kulikomtisha Kibanio. Kuna sheria moja ya kazi yao aliyofundishwa tangu akiwa mdogo wa kupita chini ya meza bila kuinama, na aliyemfundisha ni Baba mwenyewe: pasi ya mkaa haiwashwi mlango ukiwa umefungwa. "Mkaa unakula hewa," Baba alikuwa akimwambia. "Ukiunyima mlango, utakula yako." Baba alizikumbuka sheria zote za udobi isipokuwa hiyo. Hiyo ilikuwa imeliwa na aibu.

"Kaka?"

Kimya.

"Kaka! Nitanie basi! Niambie chochote!"

Kibanio alisimama. Alifikiria mkono wa Baba. Alifikiria mtaa mzima. Kisha akalivuta komeo kwa mikono miwili.

Joto lilimpiga usoni. Kaka alikuwa sakafuni, shavu limegusa saruji, blanketi limemviringika miguuni. Macho yalikuwa nusu wazi lakini hayakumwona. Kibanio alisukuma dirisha likafunguka, akamshika Kaka makwapani, akavuta. Kaka hakusogea. Mlingoti mzima uliolala, na yeye ni kibanio tu.

Akatoka mbio mpaka ukutani, akapiga kelele. Maneno yote aliyokatazwa kuyasema yalitoka pamoja.

"Mama Masizi! Kaka hakusafiri! Yuko hapa, yuko chumba cha pasi, haamki! Mama Masizi, Kaka hakusafiri!"

Nje, kamba ya kuruka ilisimama. Mama Masizi hakuuliza swali hata moja. Aliruka ukuta kwa namna ambayo hakuna aliyedhani mwili ule ungeweza. Kibanio alinyakua shuka la mteja, jeupe, lililokwisha kupigwa pasi, wakalitandaza sakafuni, wakamviringisha Kaka juu yake, wakamburura mpaka uani kwenye hewa. Vidole vya Mama Masizi viliacha alama nyeusi kwenye shuka lote.

"Pumua, mwanangu, pumua," alisema akimpigapiga mashavu. Kisha akaita kwa sauti ya kutikisa mabati, "Leteni mkokoteni!"

Basi Kaka, ambaye alikuwa amefichwa kwa ustadi wote ule, alipitishwa katikati ya mtaa mchana kweupe, juu ya mkokoteni wa mkaa. Watu walitoka madukani. Fundi viatu alisimama na kiatu mkononi.

"Si walisema amesafiri huyu?" mtu mmoja aliuliza.

"Ndiyo anarudi," Mama Masizi alijibu akisukuma. "Na wewe pisha njia!"

Kibanio alikimbia kando, ameshika kidole cha Kaka. Hakumtazama mtu. Lakini alisikia miguu mingine inakimbia nyuma yake, mtoto mmoja, mpaka kwenye kituo cha afya. Alipogeuka mlangoni, alimwona Chiriku amesimama barabarani, anahema.

Kaka aliwekewa hewa ya oksijeni. Daktari, mama mfupi mwenye miwani, aliuliza maswali mengi kwa haraka, na Kibanio alijibu yote. Hakuficha hata moja. Alishangaa kwamba kila jibu lilipotoka, kifua chake kilikuwa chepesi zaidi.

Baba aliingia na mfuko wa sabuni bado mkononi, Mama nyuma yake akilia. Baba jasho lilikuwa linamtiririka. "Nani alifungua mlango?" aliuliza.

Kibanio alisogea mbele yake.

"Mimi, Baba," Kibanio alisema.

"Na asingeufungua," daktari alisema, "mzee wangu, sasa hivi tungekuwa tunakuandalia msiba. Mwanao amevuta hewa ya sumu ya makaa. Haina rangi wala harufu, na inaua."

"Nilitaka bangi imtoke," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka atoke jasho, asafike."

Kitandani, Kaka aliinua mkono, akasogeza barakoa kidogo. Aliongea polepole, kila neno na pumzi yake. "Mimi si shuka, Baba."

Baba alisimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mfuko wa sabuni ulimponyoka. Akaketi chini, pale pale sakafuni, akashika ukingo wa kitanda, akalia. Kibanio hakuwahi kumwona Baba akilia, na hakujua afanye nini, basi akaketi karibu naye.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," Mama Masizi alinong'ona akipangusa macho kwa kiwiko. "Na nyinyi mlibakisha kilio tu."

Kaka alipopata nguvu, daktari aliwaeleza wote. Bangi haitoki kwa moto kama uchafu wa kola. Mwili uliozoea kupewa kitu kila siku, ukinyimwa, hulalamika: hasira, jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, ndoto za kutisha. "Watu wanaita arosto," alisema. "Siku za mwanzo ndizo kali kabisa. Baadaye inapungua, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi. Wengi hawahitaji hata dawa. Wanahitaji maji, chakula kidogo kidogo, kutembea, na watu. Ninyi mlimnyima hicho cha mwisho." Akawapeleka mwisho wa korido, kwenye chumba cha mshauri.

Mshauri alikuwa mwanamume mzee kidogo, mwenye sauti ya kukwaruza na masikio makubwa, na aliyatumia masikio zaidi ya sauti. Alimuuliza Kaka hamu inamjia wakati gani.

"Nikiwasha pasi," Kaka alisema. "Nilikuwa navuta kabla ya kuwasha."

"Basi kwa sasa asubuhi usiwashe. Fua, anika, beba. Pasi ziachie mchana, ukiwa na baba yako. Na hamu ikija, usibishane nayo. Ni mgeni mwenye kelele: ukimnyima kiti, hakai. Kunywa maji, shughulisha mikono, mtafute mtu uongee naye. Itapanda, halafu itashuka yenyewe."

Kisha akamgeukia Kibanio, ambaye alidhani hakuna aliyekumbuka kwamba yupo. "Na wewe? Una nani wa kuongea naye?"

Kibanio alifungua mdomo, akakuta hakuna jina la kusema. Machozi yakatangulia.

"Sikiliza, binti," mshauri alisema. "Kumlinda kaka yako si kazi yako. Hiyo ni yetu sisi wakubwa. Kazi yako ni kuwa mdogo wake tu. Umeelewa?"

Jumatatu shuleni, Kibanio alimngoja Chiriku karibu na bomba la maji. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kuomba msamaha, lakini Chiriku alimuwahi.

"Paka wenu anaendeleaje?"

Kibanio alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamwambia kila kitu. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo mwalimu wao alikuwa amelitamani kwa miaka.

Ingependeza kusema kwamba toka hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kaka alianza kula, akaanza kutembea asubuhi na Kibanio kabla ya shule, lakini alikuwa mpweke. "Rafiki zangu wote wako nyuma ya uwanja," alisema njiani. "Huku mtaani watu wananisalimu kwa mbali, kama nina upele." Na mmoja wa wale rafiki, kijana waliyemwita Bonge, alikuwa hachoki kumngoja kona.

"Ee, mgonjwa wa mkokoteni! Siku hizi unatembezwa na mtoto?"

Kaka alipita bila kujibu. Lakini jioni moja hakupita. Alirudi nyumbani giza linaingia, macho mekundu, harufu imetangulia.

Mama aliweka sahani chini. Baba alisimama, mkono wake ukainuka. Mkono ulikaa hewani, kisha ukashuka, ukavuta kiti.

"Umekula?" Baba aliuliza.

Kaka alitikisa kichwa. Hakuketi. "Nimewaangusha, Baba."

"Kula. Kesho tunakwenda kwa mshauri. Mimi na wewe."

Mshauri hakushangaa wala hakufoka. "Kujikwaa si kuanguka," alisema. "Niambie ulijikwaa wapi, tukalitoe hilo jiwe." Jiwe lilikuwa upweke. Basi akamtia Kaka kwenye kikundi cha vijana wanaoacha, waliokutana kila Jumamosi nyuma ya kituo. Waliongea, walilima bustani ya mboga, walicheza mpira vibaya sana, na walicheka. Kaka alirudi siku ya kwanza anasema, "Kibanio, kuna mwenzangu kule alikuwa anaota anafukuzwa na sufuria! Nilifikiri ni mimi tu mwenye ndoto za kijinga."

Mvua zikaja, zikapita. Usingizi wa Kaka ukarudi kidogo kidogo, kama paka aliyetishwa. Hamu ilikuja bado, lakini kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na Bonge alichoka kusimama kona. Mteja wa kwanza kuingia uani geti lilipofunguliwa alikuwa fundi viatu, na alichosema ni, "Mbona mlitufungia nje muda wote huu?"

Jumamosi moja familia nzima ilikuwa kituoni kwenye kikao cha wazazi na vijana. Walikuwa wanangoja nje, kwenye benchi la korido. Kaka alikuwa ndani tayari, kicheko chake kinasikika. Baba aligundua mtu mmoja nje ya geti. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevuta kofia mpaka machoni, ameshika mkono wa mtoto wa kiume wa rika la Kibanio. Alifika getini, akageuka. Akaenda hatua chache, akarudi. Alisoma kibao cha mlangoni, akatazama kulia na kushoto, akageuka tena.

Baba aliinuka, akamfuata. Kibanio alisikia kila neno.

"Ndugu yangu, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nilikuwa napita tu."

"Hata mimi nilikuwa napita tu. Ni mwanao?"

Mtu yule alitazama chini. "Mkubwa. Yuko nyumbani. Nimemfungia. Watu wa mtaani hawajui."

Baba alisogea karibu naye. Alikuwa mtu wa madoa, hakuwa mtu wa hotuba, na aliyoyasema aliyasema akitafuta kila neno.

"Mimi nilimfungia wangu. Nilimfungia kwa komeo, na makaa ndani, nikidhani namsafisha. Huyu binti yangu unayemwona pale ndiye aliyefungua. Nilikuwa naogopa watu watasema nini. Walisema kwa wiki moja, kisha wakachoka, wakarudi kuniletea nguo. Aibu haijaua mtu, ndugu yangu. Mlango uliofungwa ndio unaoua. Mtoto akikwambia 'siwezi, nisaidie', ameshafanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yetu, na haifanyiki gizani. Nenda kamfungulie. Mimi nitakusindikiza."

Mtu yule alivua kofia. Akaitikia kwa kichwa. Akamleta mtoto wake mpaka kwenye korido, akaulegeza mkono wake, akaondoka na Baba.

Mtoto aliachwa amesimama kwenye korido, anatazama vidole vyake vya miguu. Uso wake ulikuwa na ule ukimya ambao Kibanio aliujua vizuri, ukimya wa mtu aliyeagizwa asiseme.

Kibanio akasogea mwisho wa benchi.

"Njoo ukae," alimwambia. "Wakubwa wakianza kuongea huwa wanachelewa."

Mtoto alisita. Kisha akaja, akaketi.